Kifaa cha mdomoni kwa anayekatika pumzi usingizini: mwongozo kamili kutoka Kigoma

Mke wangu ana sauti kwenye simu yake ambayo mpaka leo hajakubali kuifuta. Ni mimi, nimelala. Nakoroma, nakoroma, halafu kimya. Kimya chenyewe ni cha sekunde 34. Unamsikia jogoo wa jirani, unamsikia mke wangu akiita "baba Neema, baba Neema", mimi siitiki. Kisha navuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, na kukoroma kunaanza upya.

Wakati huo nilikuwa dereva wa fuso, nabeba mizigo kati ya Kigoma mjini, Kasulu na Kibondo. Nilikuwa nalala saa nane nzima na kuamka kichwa kinauma, mwili mzito. Jirani yetu hapa Mwanga alisema nakabwa na jinamizi. Duka la dawa waliniuzia dawa za malaria. Asubuhi moja nikiwa nimeshaiacha Uvinza nyuma, nilifumba macho mara moja tu, nikayafumbua gari likiwa kwenye majani. Hakuumia mtu, na mimi sikuumia. Lakini nilikaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima nikiwa siwezi kugusa usukani.

Ugonjwa wenyewe unaitwa apnia ya usingizi, na sasa ni mwaka wa tano navaa kifaa cha mdomoni kila ninapolala. Ninayeandika si daktari. Ni mgonjwa aliyepita njia hii kutoka mkoa ulio mwisho wa reli, akakosea mwanzoni, akarekebishwa. Nataka mwenzangu wa huku asikosee palepale. Kosa langu lilikuwa hili: nilidhani kifaa hiki kinanunuliwa kama kiatu. Hapana. Unapimwa kwanza, kinatengenezwa kwa meno yako, kinasogezwa kidogo kidogo, halafu unapimwa tena ukiwa umelala nacho. Mkoromo kunyamaza si ushahidi kwamba umepona.

Kinachotokea kooni

Unapolala, misuli ya koo inalegea. Kwa baadhi yetu inalegea kiasi kwamba ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zinarudi na kuziba njia ya hewa. Kifua kinaendelea kuhangaika kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka na kukuamsha nusu nusu, njia inafunguka, unalala tena. Asubuhi hukumbuki chochote. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, inahesabiwa tukio moja. Pumzi iliyopungua sana bila kukatika kabisa nayo inahesabiwa.

Madaktari wanachukua matukio yote ya usiku na kuyagawa kwa saa ulizolala. Chini ya 5 kwa saa, mtu mzima hana tatizo. Kuanzia 5 mpaka 15 ni hali nyepesi, 15 mpaka 30 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Ishike namba yako kama unavyoshika namba ya presha, maana kila uamuzi unaofuata unaitegemea.

Kifaa kinafanya kazi moja tu: kinalishika taya la chini lisirudi nyuma. Ulimi umefungwa kwenye taya hilo, kwa hiyo taya likivutwa mbele nao unafuata, na nafasi nyuma yake inapanuka. Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Koroma kwa makusudi. Halafu sukuma taya la chini mbele mpaka meno ya chini yatangulie ya juu, ukiwa hivyo jaribu tena kukoroma. Wengi wetu inakuwa ngumu, wengine hawawezi kabisa. Zoezi hilo halipimi ugonjwa, lakini utaelewa kifaa kinafanya nini kuliko nikueleze kurasa tatu.

Tiba inayojulikana zaidi ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani kupitia barakoa usiku kucha. Ilitoka Australia kwa daktari Colin Sullivan na wenzake, waliotoa taarifa yake mwaka 1981. Niseme ukweli: mashine inapunguza matukio kuliko kifaa. Kwa hali kali ndiyo inayotangulia. Lakini inataka umeme usiku mzima, na wako wanaoivua saa saba za usiku kwa sababu barakoa inawabana. Kifaa kinakaa mdomoni saa nyingi zaidi, na hapo ndipo kinapofidia. Mwaka 2015 vyama viwili vya Marekani, cha tiba ya usingizi na cha madaktari wa meno wanaoshughulikia usingizi, vilitoa mwongozo wa pamoja: mtu mzima aliyeshindwa mashine, au anayependelea tiba nyingine, apewe kifaa cha mdomoni kuliko kuachwa bila tiba. Kiwe kimetengenezwa kwa meno yake mwenyewe na kinaweza kurekebishwa.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi nyumbani

Usiende hospitali na neno "nakoroma" tu. Utajibiwa kwamba hata baba yake daktari anakoroma.

Weka simu kando ya kitanda irekodi usiku mmoja au miwili. Anayelala nawe aandike alichokiona: pumzi ilikatika mara ngapi, kwa muda gani, ukiwa umelala chali au ubavu. Azima futi ya fundi cherehani upime shingo. Ikizidi sentimita 40 iandike. Pima presha. Andika umri, uzito, urefu, na unasinzia wapi mchana: kanisani, msikitini, kwenye daladala, kwenye usukani. Kuamka na maumivu ya kichwa na kuamka mara nyingi kukojoa navyo viandike. Mwanamume aliyevuka miaka 50, mnene, mwenye presha na anayekoroma kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, asisubiri.

Kama unaendesha gari, pikipiki au boti na unasinzia, acha kuendesha mpaka utibiwe. Najua maana ya kusema hivyo kwa mtu anayelisha familia kwa usukani. Nilikaa miezi minne bila kazi, na mke wangu aliuza mawese tukala.

Hatua ya pili: kupimwa

Hapa kuna mtego wa lugha. Ukifika hospitali ukaulizia "daktari wa usingizi", utaelekezwa chumba cha upasuaji, kwa mtu anayewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Nilipotezewa asubuhi nzima namna hiyo. Ulizia daktari wa masikio, pua na koo, au daktari wa magonjwa ya ndani, umweleze kwamba pumzi inakatika usingizini. Kwa sisi wa Kigoma mlango ni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukitokea Kasulu, Kibondo, Uvinza au Kakonko, anza hospitali ya wilaya upate barua ya rufaa, na uliza mapema bima yako inalipa nini.

Daktari atachungulia pua, mafindofindo na kimio. Pua ikiwa imeziba, itibiwe kwanza, maana ukivaa kifaa mdomo umejaa na unategemea pua kupumua. Kisha anaagiza kipimo cha usingizi. Kipo cha kulala hospitali ukiwa na nyaya kichwani, kifuani na miguuni, na kipo cha mashine ndogo unayolala nayo nyumbani: mrija mwembamba puani, mkanda kifuani, na kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Piga simu kabla ya kusafiri, uhakikishe mashine ipo na inafanya kazi wiki hiyo. Kwa reli kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Si safari ya kwenda kuambiwa njoo mwezi ujao.

Kipimo kina kazi nyingine kubwa. Ipo apnia ambayo koo halizibi, ila ubongo ndio unaosahau kutoa amri ya kupumua. Hiyo kifaa cha mdomoni hakiitibu. Kwa sauti ya simu peke yake huwezi kuzitofautisha.

Shemeji yangu ni mvuvi wa dagaa Kibirizi. Analala mchana, usiku yuko ziwani na taa. Kama kazi yako ni hiyo, mwambie anayekupima, ili upimwe muda unaolala kweli. Yeye alipanga safari yake siku za mwezi mkubwa, wavuvi wanapopumzika, na hakupoteza hata siku moja ya kazi.

Hatua ya tatu: je, kinakufaa?

Sasa unahamia kwa daktari wa kinywa na meno. Kifaa kinajishikiza kwenye meno, kwa hiyo kwanza anahesabu. Wengi wanataka walau meno 8 imara kila taya, na yasiwe yote upande mmoja. Meno yanayocheza, fizi zinazotoka damu au jino lililooza, vyote vinatibiwa kabla. Mimi niling'olewa gego moja na kuzibwa mawili, nikasubiri wiki sita.

Kisha anaangalia maungio ya taya mbele ya masikio. Yanauma? Yanagoma ukipiga miayo? Anapima pia taya linatoka mbele kiasi gani. Unang'ata kipande cha plastiki chenye alama za milimita, unarudisha taya nyuma mpaka mwisho, halafu unalisukuma mbele mpaka mwisho. Kwangu umbali ulikuwa milimita 10. Mtu asiyefikisha 5 atapata shida kusaidika.

Asiye na meno kabisa kuna kifaa kingine kinachoushika ulimi mbele kwa kuunyonya kama kikombe. Si rahisi kukizoea. Na mtoto anayekoroma usimtafutie kifaa hiki, taya lake bado linakua. Mpeleke akaangaliwe mafindofindo na nyama za nyuma ya pua.

Hatua ya nne: kutengenezwa

Kabla sijafika hapa nilinunua mtandaoni kifaa cha kuchemsha: unakitumbukiza kwenye maji ya moto, unaking'ata, kinashika umbo la meno. Mkoromo ulipungua usiku wa kwanza. Mke wangu alifurahi, nami nikajiona nimepona. Lakini mchana bado nilikuwa nasinzia nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Nilipokwenda kupimwa, usiku wa kwanza bila kitu nilikuwa na matukio 26 kwa saa. Usiku wa pili nililala na kile cha kuchemsha: 19. Kelele ilikuwa imeondoka, ugonjwa ulikuwa umebaki. Kifaa kile pia hakikuwa na namna ya kusogezwa, na gego langu moja lilianza kuuma.

Kifaa cha kutengenezwa kinaanza na alama ya meno. Daktari anakoroga unga wa alginati na maji mpaka uwe kama uji mzito, anaujaza kwenye kisahani cha umbo la taya na kukugandamizia mdomoni. Inachukua kama dakika mbili. Ukihisi kutapika, inamisha kichwa mbele, pumua kwa pua, na inua mguu mmoja juu. Ujanja huo niliambiwa na nesi, na ulinisaidia kuliko maneno yote ya kunituliza.

Jambo ambalo mgonjwa wa mbali anatakiwa kulijua: alama ile ya alginati haisafiri. Ikikaa inakauka na kusinyaa, na kifaa kitakachotoka hakitaingia. Lazima imwagiwe plasta mapema, hapohapo. Kinachotumwa kwa fundi sanifu wa meno ni meno ya plasta yaliyokauka, yamefungwa vizuri kwenye boksi, pamoja na kipimo cha namna taya lako linavyokaa mbele. Ikiwa daktari wako wa huku yuko tayari kuchukua alama na kutuma maabara ya mbali, umeokoa safari moja. Penye kamera ya kuskani meno, hata plasta haihitajiki.

Kuhusu bei, omba iandikwe: kifaa, marudio ya kurekebisha, na kipimo cha mwisho. Usilipie kifaa kitupu.

Changu ni vipande viwili vya akriliki, yaani plastiki ngumu, cha juu na cha chini, vimeunganishwa kwa mikono miwili pembeni yenye skrubu ndogo. Nikikishika kwenye mwanga naona mahali pa kila jino langu, hata pengo la lile lililong'olewa. Siku ya kukabidhiwa, usitoke kabla hujakivaa na kukivua mwenyewe mara tano mbele ya daktari. Kivue kwa vidole viwili pande zote mbili kwa pamoja. Kuvuta upande mmoja ndiko kunakovunja.

Hatua ya tano: wiki za mwanzo

Taya halipelekwi mbele mpaka mwisho siku ya kwanza. Kwa kawaida wanaanzia kati ya nusu na asilimia 70 ya uwezo wako. Mimi nilianzia milimita 6 kati ya 10.

Siku tatu za kwanza nilikivaa jioni tu nikisikiliza redio, kisha nikaanza kulala nacho. Mate yatakutiririka mpaka mto uloane. Weka taulo, yatapungua ndani ya wiki mbili hivi. Wengine inakuwa kinyume, kinywa kinakauka. Meno ya mbele yatahisi kubanwa na taya litachoka.

Asubuhi ukikivua utaona meno ya juu na ya chini hayakutani kama jana. Usiogope, na usikimbilie muhogo mgumu. Daktari atakupa kipande cha kung'atia kinachorudisha taya mahali pake. Ng'ata taratibu dakika chache, au tafuna bigijii isiyo na sukari kwa magego. Mimi napima kwa karatasi: nakata utepe mwembamba, nauweka kati ya magego na kung'ata, nauvuta. Ukishikwa pande zote mbili, nakunywa chai. Kwa kawaida ni dakika 20. Ikifika saa nne asubuhi bado haushikwi, na kesho yake hivyohivyo, mpigie daktari.

Hatua ya sita: kusogeza

Hapa ndipo tiba ilipo, na hapa ndipo watu wanapoacha njiani kwa sababu mkoromo umeshapungua.

Kuna kifunguo chembamba kama sindano. Kinaingia kwenye tundu la skrubu, unazungusha kufuata mshale. Kwangu mzunguko mmoja ni robo milimita, kwako uliza. Pande zote mbili zizungushwe sawa, la sivyo taya linakwenda mshazari. Mke wangu aliandika kwenye daftari la Neema la shule: tarehe, mzunguko kulia, mzunguko kushoto, mkoromo, maumivu, usingizi wa mchana. Nilizungusha mara moja, nikakaa wiki, nikatazama daftari, nikazungusha tena. Taya likiuma tulisimama, mara moja tulirudi nyuma hatua moja. Ilichukua wiki 9 kutoka milimita 6 mpaka 8.

Daktari wangu alikuwa kijana, ana adabu sana. Nilipomwambia kwa simu, "Daktari, mama anasema sikoromi tena, naweza kurudi barabarani?" akanijibu: "Hapana mzee wangu. Mama anasikia koo, hasikii damu. Njoo tupime."

Hatua ya saba: kupimwa tena, kifaa kikiwa mdomoni

Nilikwenda. Matukio 6 kwa saa, oksijeni imetulia. Hapo ndipo niliporuhusiwa kushika usukani. Ingekuwa bado 15, tungesogeza tena, au tungerudi kuzungumzia mashine, au vyote viwili. Watu hawafanani. Wako wanaofanya kila kitu sawasawa na kifaa kikakataa, na hilo ni kipimo pekee kinachoweza kukuonyesha. Usikubali tiba hii bila kipimo cha pili, hata kama kinakurudisha safarini. Ukinenepa baadaye, au usingizi wa mchana ukirudi, pimwa upya.

Kuna mambo yanayokisaidia kifaa. Kulala ubavu ni mojawapo. Shoneshea mpira mdogo mgongoni mwa fulana, utashindwa kulala chali. Punguza uzito kama umezidi. Pombe jioni inalegeza koo, na vidonge vya usingizi ni hatari kwa mgonjwa wa namna hii. Dawa za presha usiziache kwa sababu umepata kifaa. Na ukipangiwa upasuaji wowote, ndipo sasa umtafute yule daktari wa usingizi wa chumba cha upasuaji umwambie una apnia, na ubebe kifaa chako.

Matunzo

Kila asubuhi kisugue kwa mswaki laini na maji ya kawaida yenye sabuni kidogo. Dawa ya meno inakikwaruza. Maji ya moto yanakipinda, na dirisha la gari lenye jua la Uvinza linafanya vivyo hivyo. Kianike kikauke kisha kifungie kwenye kisanduku chenye matundu. Usikiache mezani kwenye kitambaa: mbwa wanapenda harufu ya mate, na panya nao. Piga mswaki kabla ya kukivaa, usile wala kunywa kitu cha sukari ukiwa nacho.

Muone daktari wa meno baada ya miezi sita, halafu kila mwaka. Miaka ikipita meno yanaweza kusogea. Yangu ya mbele ya juu yalikuwa yakiyatangulia ya chini, sasa karibu yanagongana. Niliambiwa mapema na nilikubali. Mwingine anaweza asikubali, ni haki yake, ila aambiwe kabla ya kulipa. Na ukihitaji kuziba jino, kung'oa, au kuvishwa jino la bandia, nenda na kifaa mfukoni. Jino jipya likiwa kubwa kwa nusu milimita tu, kifaa hakiingii tena, na ni rahisi kumfanya daktari alichonge lifuate kifaa siku hiyohiyo kuliko kutuma plasta nyingine Dar es Salaam.